D, kwa nini? Kuhusu vitabu vya hesabu vya GRE

Picha iliingia usiku, nikiwa najiandaa kulala. Ukurasa wa kitabu cha kujiandaa na GRE, mtihani wa kuombea masomo ya shahada za juu, umepigwa kwa haraka, kivuli cha mkono kimefunika kona moja. Mpwa wangu alikuwa amelizungushia kalamu nyekundu swali moja la kulinganisha viasi, ambapo unachagua A kama Kiasi A ni kikubwa, B kama Kiasi B ni kikubwa, C kama viko sawa, na D kama huwezi kuamua:

x² = 49
Kiasi A: x
Kiasi B: 7

Picha ya pili ilikuwa ya ukurasa wa majibu wa kitabu hichohicho. Safu za namba na herufi kutoka juu hadi chini, kama orodha ya mahudhurio. Mbele ya namba ya swali lake palikuwa na herufi moja tu.

Kisha ujumbe: "Shikamoo mjomba. D kwa nini?"

Nikamwandikia kwamba 7 mara 7 ni 49, na hasi 7 mara hasi 7 ni 49 vilevile. Kama x ni 7, viasi viko sawa. Kama x ni hasi 7, Kiasi B ni kikubwa. Hujaambiwa ni ipi kati ya hizo mbili, kwa hiyo huwezi kuamua, na D ndiyo herufi ya kutoweza kuamua. Akajibu "Aaah!" na yakaishia hapo.

Kwake.

Mimi niliendelea kuutazama ule ukurasa wa majibu. Mpwa wangu anajua kwamba hasi mara hasi ni chanya. Amelijua tangu shuleni. Alichagua C, viko sawa, kwa sababu jicho lake liliona 49 na mkono ukaandika 7. Aliyetunga swali alijua kabisa kwamba watu wengi watafanya hivyo. Swali zima limejengwa juu ya hilo. Basi mtu anaandika kitabu cha kumwandaa msichana huyu, anaweka mtego ndani yake, msichana ananasa, halafu kitabu kinamwambia "D" na kupita.

Nimelizunguka jambo hili wiki kadhaa sasa, kwa sababu kila mtu anayejiandaa na GRE huniuliza swali moja: ninunue kitabu gani? Nami nimekuwa nikijibu kwa kutaja kitabu. Nadhani kuna jibu bora zaidi.

Tunanunua nini hasa

Tazama jinsi watu wanavyochagua. Unene. Idadi ya maswali iliyoandikwa jaladani kwa herufi kubwa. Ahadi ya alama.

Lakini hesabu ya GRE haihitaji kitabu kinene. Ni hesabu za kawaida, aljebra, jometri, na usomaji wa takwimu. Hakuna trigonometria, hakuna kalkulasi. Karibu yote umekutana nayo sekondari, na ETS, wenye mtihani, wameweka kwenye tovuti yao mapitio ya mada zote bila malipo. Anayetaka kukumbushwa kanuni ya eneo la duara au maana ya namba tasa hana haja ya kutoa fedha.

Unachonunua, kwa hiyo, ni maelezo ya majibu. Kurasa za nyuma, zile ambazo hakuna anayezifungua dukani, ndizo kitabu chenyewe. Kurasa za mbele ni maswali, na maswali yamejaa kila mahali.

Chukua mfano huu, nimeutunga sasa hivi. Wastani wa namba tano ni 12. Namba moja ikaondolewa, na wastani wa nne zilizobaki ukawa 10. Namba iliyoondolewa ni ipi?

Kitabu cha kwanza kitakupa herufi tano, a mpaka e, kitaandika mlinganyo, kitazidisha pande zote mbili, kitaandika mlinganyo wa pili, kitatoa mmoja kwenye mwingine, na mistari saba baadaye kitafika kwenye 20. Kila mstari ni sahihi. Mwalimu wa hesabu hana pa kuweka alama ya kosa.

Kitabu cha pili kitasema: ukiona wastani, waza jumla. Namba tano zenye wastani wa 12 zina jumla ya 60. Nne zenye wastani wa 10 zina jumla ya 40. Iliyoondoka ni 20. Kisha, na hapa ndipo thamani ilipo, kitaongeza sentensi moja: aliyejibu 2 alitoa wastani kwenye wastani, 12 kutoa 10, akasahau kwamba wastani haujui namba ziko ngapi.

Ile sentensi ya mwisho ndiyo ninayoitafuta. Mwandishi aliyeiandika ameketi na wanafunzi, ameona wanakokosea, ameona hata jibu gani wanalolipata wakikosea. Wa kwanza anajua hesabu. Wa pili anajua wewe utafanya nini na hesabu hiyo ukiwa na dakika moja na sekunde arobaini na kitu.

Ndiyo maana sasa nikiulizwa ninunue kipi, nasema: nenda na swali moja ulilolikosa, la aina yoyote. Fungua nyuma. Tafuta swali linalofanana nalo na usome maelezo yake. Kama baada ya kusoma unajua kwa nini jibu ni hilo lakini bado hujui kwa nini wewe ulipata lile lingine, kirudishe kitabu kwenye rafu.

Shaka niliyopewa

Nilimweleza hayo mwalimu mmoja ninayemheshimu sana, mtu aliyefundisha hesabu maisha yake yote. Hakukubaliana nami.

"Ukimwekea maelezo marefu, atayasoma kama hadithi," alisema. "Atatikisa kichwa, ataona ameelewa, kesho atalikosa lilelile. Mpe herufi tu. Ahangaike."

Sikuwa na jibu la haraka, na kwa siku kadhaa niliamini ananishinda. Nimewaona watu wa namna hiyo. Wanasoma maelezo kwa mkupuo, ukurasa baada ya ukurasa, wakiwa na kalamu mkononi ambayo haiandiki chochote. Kuelewa njia ya mwenzako na kuipata njia mwenyewe ni mambo mawili, na kitabu chenye maelezo mazuri kinaweza kukufanya uyachanganye kirahisi kuliko kitabu kibovu.

Lakini kuhangaika nako kuna aina zake. Swali la milinganyo ukilihangaikia utafika, kwa sababu ukikosea namba hazikubaliani na unarudi nyuma mwenyewe. Maswali ya kulinganisha viasi hayako hivyo. Mtu aliyechagua C kwenye x² = 49 hana kinachomwambia kwamba amekosea. Kwake kila kitu kimekubaliana. Unaweza kumwacha na ile D mpaka asubuhi na atabaki akidhani kitabu kimekosewa uchapaji.

Kilichonitoa kwenye mkwamo ni mpwa wangu. Nilimwomba afanye jambo moja: akikosa swali, aone herufi sahihi tu, afunike maelezo, kisha aandike yeye maelezo kana kwamba anamwandikia mtu mwingine anayejiandaa. Akimaliza ndipo afunue alinganishe.

Swali la kwanza alilonitumia baada ya hapo lilikuwa hili: x ni kubwa kuliko 0. Kiasi A ni x², Kiasi B ni x³. Alikuwa amechagua B. Alijaribu 2, akapata 4 na 8, akajaribu 3, akapata 9 na 27, akaridhika. Kitabu kikasema D. Akakaa nalo, kisha akaandika: "Hawajasema namba kamili. Mimi ndiye niliyesema. Nikiweka nusu, x² ni robo na x³ ni moja ya nane, A inakuwa kubwa. Nikiweka 1, ziko sawa. Tukiambiwa tu kwamba ni chanya, nijaribu sehemu, nijaribu 1, nijaribu kubwa."

Maelezo ya kitabu yalikuwa mafupi kuliko yake. Na ya kwake yalikuwa na sentensi ambayo hakuna kitabu kingeweza kumwandikia: mimi ndiye niliyesema.

Kwa hiyo yule mwalimu alikuwa sahihi kuhusu mfuatano: herufi kwanza, jasho, maelezo mwisho. Hakuwa sahihi kwamba maelezo yasiwepo. Ukishaandika ya kwako unahitaji kitu cha kuyapimia, na herufi moja haipimi chochote.

Kitabu kinachoujua mtihani

Kuna hesabu, na kuna mtihani wa hesabu. Ninaona vitabu vingi vinavyofundisha ya kwanza vizuri na kuusahau wa pili.

Mfano ninaoupenda ni michoro. Kwenye GRE, mchoro wa jometri si lazima uwe umechorwa kwa kipimo. Pembe inayoonekana ya nyuzi 90 inaweza kuwa 70, usipoambiwa, hujui. Mstari ulionyooka unaweza kuuamini kuwa umenyooka, na mpangilio wa nukta ni huo unaouona, basi. Lakini grafu, chati za takwimu na michoro yenye mhimili wa x na wa y vimechorwa kwa kipimo, na kwenye hivyo una ruhusa ya kukadiria kwa jicho. Mwanafunzi asiyeijua tofauti hii anapoteza maswali mara mbili: anaamini pembetatu asiyopaswa kuiamini, kisha anakokotoa kwa taabu thamani ambayo angeisoma tu kwenye chati.

Au yale maswali ya kuchagua majibu yote yaliyo sahihi. Ukipata mawili kati ya matatu hutapewa nusu alama, hutapewa chochote. Au yale ya kuandika jibu mwenyewe, ambako sehemu haihitaji kurahisishwa: 6/8 inakubaliwa palipotakiwa 3/4. Nimemwona mtu akipoteza sekunde za thamani akirahisisha sehemu ambayo hakuna aliyemwomba airahisishe, kwa kuwa kitabu chake kilifanya hivyo kila mara kwa uzoefu wa darasani.

Na kukosea hakupunguzi alama ulizokwisha kupata. Usiache swali tupu. Kitabu kisichosema hili mapema na kwa sauti kimeandikwa na mtu aliye mbali na chumba cha mtihani.

Mwaka ulio jaladani

Watu wananiuliza kama kitabu cha zamani kinafaa. Hapa nina habari njema kuliko wanavyotarajia.

Septemba 2023 GRE ilifupishwa, kutoka karibu saa 4 hadi saa 1 na dakika 58. Hesabu ilikuwa na sehemu mbili za maswali 20, kila moja dakika 35. Sasa ya kwanza ina maswali 12 kwa dakika 21, ya pili 15 kwa dakika 26. Watu wakasikia "mtihani mpya" na kuvitupa vitabu vyao. Lakini gawanya. Dakika 35 kwa maswali 20 ni dakika 1.75 kila swali. Dakika 21 kwa maswali 12 ni 1.75 ileile. Sehemu ya pili imepungua kidogo tu. Aina za maswali na mada zimebaki.

Kwa hiyo kitabu cha tangu Agosti 2011, mtihani ulipohamia alama za 130 hadi 170 na kikokotoo cha kwenye skrini kikaingia, bado ni mwalimu mzuri wa hesabu. Ila usikitumie kwa majaribio kamili, kwa sababu kitakuzoesha urefu usiokuwepo. Na kumbuka kilichobadilika kweli: maswali ni 27 badala ya 40, hivyo kila moja limekuwa zito zaidi. Uzembe mdogo mwanzoni unauma kuliko zamani, hasa kwa kuwa ugumu wa sehemu ya pili unategemea ulivyofanya ya kwanza.

(Anayejiandaa na GMAT, mtihani wa kuombea shule za biashara, asiniamini kwenye hili. Wao walibadilisha vyakula vyenyewe mezani: toleo lililoanza Novemba 2023 liliondoa jometri kwenye sehemu ya hesabu na kuhamisha maswali ya utoshelevu wa taarifa, yale yanayouliza kama ulichopewa kinatosha kupata jibu, kwenye sehemu nyingine. Huko kitabu cha zamani kinaweza kukupotezea mwezi mzima kwenye pembetatu.)

Rundo

Mpwa wangu alikuwa na vitabu viwili mezani na folda ya PDF ambayo hata yeye hakujua ina nini. Kila alipokwama kwenye kimoja alifungua kingine. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Labda hiki kitanielewesha."

Inauma kuisikia, kwa sababu ni bidii ya kweli inayomwagika. Kila kitabu kinaanza na mada nyepesi. Ukibadilisha vitabu unajifunza sura ya kwanza mara nyingi, asilimia na sehemu, na kila mara unajisikia vizuri, kwa kuwa unazijua. Mada zilizo katikati, uwezekano na uwiano wa kasi na zile za kuhesabu mpangilio, huzifikii kamwe ukiwa na nguvu.

Tulifunga folda. Akabaki na kitabu kimoja chenye maelezo yanayoeleza.

Sikujua, sikuona, sikuwahi

Kila kosa sasa linaingia kwenye daftari likiwa na moja ya maneno haya matatu.

Sikujua ni pale kanuni yenyewe haikuwepo kichwani. Hapo unarudi kwenye mada, unaisoma, unafanya mazoezi yake peke yake.

Sikuwahi ni pale ulipojua njia na muda ukakuishia. Hapo huhitaji mada mpya, unahitaji njia fupi. Bei ikipanda asilimia 20 kisha ikashuka asilimia 20, anayeandika p na kuzidisha kwa 1.2 na 0.8 atafika, anayeanza na 100 atakuwa ameshaona 120, kisha 96, na kuendelea na swali lingine.

Sikuona ndilo tatizo. Neno "chanya" lilikuwepo ukaliruka. Waliuliza kipenyo ukatoa nusu kipenyo. Hukujaribu sifuri. Watu huyaita makosa haya uzembe na kuyapita kwa aibu, wakisema moyoni kwamba siku yenyewe watakuwa makini. Sikubaliani kabisa na tabia hiyo. Kwenye daftari la mpwa wangu, sikuona ilikuwa nyingi kuliko nyingine mbili, na alipoyapanga pamoja, hayakuwa makosa mengi. Yalikuwa makosa machache yanayojirudia yakiwa yamevaa nguo tofauti: namba hasi, sehemu, na kile hasa kinachoulizwa. Uzembe hauna mpangilio. Haya yalikuwa na mpangilio, maana yake yanafundishika.

Alianza kuandika juu ya karatasi yake kabla ya kila swali la kulinganisha: hasi, 0, nusu, 1, kubwa. Mwanzoni ilimchelewesha. Nilimsihi avumilie, na baadaye aliacha kuandika kwa kuwa mkono ulikuwa umeshazoea kujaribu.

Maswali ya wenyewe

Maswali ya ETS ni machache, na hayafanani na ya wengine. Ya kuiga mara nyingi huwa magumu kwa hesabu, namba chafu na hatua nyingi, wakati ya wenyewe huwa na hesabu fupi na usomaji mgumu. Ukiyazoea ya kuiga unajenga misuli isiyotumika.

Ndiyo maana sipendi kuona mtu anaanza na vitabu rasmi wiki ya kwanza, bado hajakumbuka kanuni, anaviteketeza. Anza na mapitio ya bure, fanya kazi chafu kwenye kitabu ulichochagua kwa maelezo yake, kisha fungua ya wenyewe ukiwa tayari kujifunza kutoka kwayo. Isipokuwa jaribio moja: ETS wanatoa majaribio machache ya bure, na moja lifanye mapema kabisa ili daftari lako lijue pa kuanzia. Mengine yatunze kwa mwisho, na uyafanye kwa muda kamili bila kusimama katikati.

Kuna jambo dogo ambalo vitabu vya karatasi haviwezi kukufundisha. Kikokotoo cha GRE kiko kwenye skrini, kina hesabu za msingi na kipeuo cha pili, na kukitumia kwa kipanya ni polepole kuliko unavyodhani. Anayejiandaa kwa kikokotoo cha mkononi anajidanganya kuhusu kasi yake. Na kama utafanyia mtihani nyumbani, karatasi ya kawaida hairuhusiwi. Ni ubao mdogo mweupe wa kufutika, au karatasi moja ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, na kalamu ya kufutika. Nafasi inajaa haraka. Unafuta kazi ya swali ambalo ungependa kulirudia.

Mpwa wangu amehamia kwenye ubao. Analalamika kwamba mwandiko wake mkubwa unamaliza nafasi kwa maswali matatu. Tumekubaliana agawanye ubao kwa mistari mitatu, afute sehemu moja tu kila mara, na swali aliloliwekea alama ya kurudia kazi yake ibaki mpaka sehemu hiyo ya mtihani iishe.